Fedha, Ardhi na Kauli: Jamii za Asili Zirudishiwe Nini?

Tarehe 23 Juni 2022, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliiamuru serikali ya Kenya iwalipe Waogiek wa Msitu wa Mau shilingi 57,850,000 za Kenya kwa hasara ya mali, na shilingi 100,000,000 nyingine kwa madhila waliyotendewa. Ukijumlisha unapata zaidi ya shilingi milioni 157, na jumla hiyo ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu. Walioshangilia waliona haki imetendeka. Waliokasirika waliuliza kwa nini kabila moja dogo lilipwe mamilioni ilhali kila kaunti imejaa maskini.

Pande zote mbili hazikupiga hesabu. Katika kesi hiyo Waogiek walikadiriwa kuwa watu 20,000 hivi. Fedha hizo zikigawanywa sawa kwa sawa, kila mmoja wao, mzee kwa mtoto, atapata kama shilingi 7,900. Hiyo ni bei ya mbuzi, kwa msitu ambao wazee wao walitundika mizinga ya nyuki kabla mpaka wowote wa Kenya haujachorwa. Uzito wa hukumu ile uko kwingine. Katika amri zilizozungumzwa kidogo zaidi, mahakama ilitaka ardhi ya Waogiek ipimwe, iwekewe mipaka na kumilikishwa kwao kwa hati ya pamoja. Ilitaka fidia iwekwe katika mfuko wa maendeleo wa jamii, na kamati ya mfuko iwe na wajumbe waliochaguliwa na Waogiek wenyewe. Ilitaka pia washauriwe kwa mujibu wa mila na desturi zao kabla ya mradi wowote kuanzishwa kwenye ardhi hiyo.

Mkanganyiko unaanzia hapo. Tunaposikia kwamba jamii za asili zigawiwe utajiri ili ziweze kujiamulia mambo yao, tunakusanya katika kapu moja vitu vitatu vyenye tabia tofauti: fedha, ardhi inayozaa fedha hizo, na kauli, yaani nani anasema neno la mwisho juu ya vyote viwili. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mfuatano wa vitu hivyo ndio unaoamua matokeo. Fedha zikitangulia bila ardhi na kauli hugeuka posho, na mwenye kutoa posho anaweza kuikata siku yoyote.

Asili ni nini, na kujiamulia ni nini

Lugha yenyewe imechangia utata. Mswahili ana mwenyeji, mzawa na mwananchi, na kila moja ya maneno hayo linaweza kudaiwa na karibu kila Mwafrika. Anayesikia "watu wa asili" huuliza mara moja: sisi wengine tulitoka wapi? Swali hilo ni la haki, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ililijibu kupitia kikundi kazi chake cha wataalamu, ambacho ripoti yake ilipitishwa mwaka 2003. Jibu lilikuwa kwamba barani kwetu kipimo hakiwezi kuwa nani alifika kwanza. Kinachoangaliwa ni kama maisha na utamaduni wa jamii vimefungamana na ardhi fulani kiasi kwamba ikinyang'anywa jamii yenyewe inakufa, kama imetengwa na kudharauliwa katika mipango ya taifa, na kama wenyewe wanajitambua hivyo. Kwa kipimo hicho wamo wawindaji na warina asali kama Waogiek, Wahadzabe na Batwa, na wamo baadhi ya wafugaji kama Wamaasai na Waendorois.

Serikali zetu zimelipokea jina hilo kwa tahadhari. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 zilikubali, nne zikapinga na 11 hazikuegemea upande wowote. Kenya na Burundi zilikuwa miongoni mwa hizo 11. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo, lakini nyumbani msimamo wake umebaki kwamba raia wote ni wa asili. Katiba ya Kenya ya 2010 ilichukua njia ya katikati: Ibara ya 260 inazitaja jamii za aina hii ndani ya tafsiri ya jamii zilizotengwa, na Ibara ya 63 inahesabu ardhi za mababu na ardhi za jadi za wawindaji kuwa ardhi ya jamii.

Neno la pili linalotisha ni kujiamulia. Kwa masikio ya wengi linanuka kujitenga. Azimio la 2007 halikusema hivyo. Ibara ya 46 inakataza tafsiri yoyote ya kuvunja umoja wa nchi, na Ibara ya 4 inazungumzia mamlaka ya jamii juu ya mambo yake ya ndani, pamoja na njia na nyenzo za kuyagharimia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mzizi wa suala zima. Baraza la wazee lisiloweza kumlipa mpimaji wa ardhi, wakili au mwalimu wa lugha yao lina mamlaka ya kwenye karatasi tu.

Mali ilivyoondoka mikononi mwao

Hakuna anayeweza kupima madai ya kugawana upya bila kujua mgawanyo wa kwanza ulifanyikaje. Waogiek waliigawa ardhi yao kwa koo. Kila ukoo ulikuwa na konoito yake, ukanda uliopanda kutoka nyanda za chini hadi msitu wa juu, ili familia ifuate nyuki kadiri maua yalivyochanua mwinuko kwa mwinuko. Msimamizi wa kikoloni alipoutazama msitu huo hakuona shamba wala uzio, akaandika kwamba hauna mwenyewe. Sheria ya ardhi ya 1915 katika Kenya ilihitimisha kazi hiyo kwa kuifanya ardhi yote, hata ile iliyokaliwa na Waafrika, kuwa ya mfalme wa Uingereza. Tume ya Ardhi ya 1932 hadi 1934 ikaenda mbali zaidi, ikapendekeza watu wa msituni wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa na wamezwe humo.

Wamaasai walikuwa na mikataba, na mikataba haikuwaokoa. Makubaliano ya 1904 na ya 1911 yaliwaondoa kwanza katika Bonde la Ufa, kisha Laikipia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ilitupwa kwa hoja kwamba makubaliano yale yalikuwa mapatano baina ya madola, kwa hiyo mahakama za kikoloni hazikuwa na uwezo wa kuyasikiliza.

Uhuru haukubadilisha msingi huo. Waendorois, wafugaji wa kandokando ya Ziwa Bogoria huko Baringo, waliondolewa kuanzia 1973 ilipoanzishwa hifadhi ya wanyama. Mashauri yao yanaeleza kwamba wazee waliahidiwa viwanja vyenye rutuba kwa familia 400, asilimia 25 ya mapato ya utalii na asilimia 85 ya ajira za hifadhi. Mwaka 1986, miaka 13 baadaye, familia 170 zilipewa shilingi 3,150 kila moja. Katika Tanzania, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walikusanywa katika makazi ya kudumu miaka ya 1960 na tena wakati wa vijiji vya ujamaa, huku wakulima na wafugaji wa jirani wakiingia katika ardhi waliyoitegemea kwa mizizi, asali na nyama. Huko Uganda, Batwa walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991.

Ukiziweka habari hizi pamoja unaona sababu moja ikijirudia: sheria ilitambua matumizi ya ardhi yaliyoacha alama ya jembe au ya ukuta. Anayevuna bila kufyeka alihesabiwa kama mpita njia. Ndiyo maana utajiri ulioondoka hapo ni vigumu kuupa bei. Haukuwa na risiti.

Fidia kwa hukumu

Njia ya kwanza ya kurudisha ni mahakama. Nguvu yake kubwa ni kwamba inaweka mambo katika lugha ya deni. Mwaka 2009 Tume ya Afrika iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waendorois, na wakuu wa Umoja wa Afrika wakauridhia uamuzi huo mwanzoni mwa 2010. Tume ilitaka ardhi irudishwe, jamii ipite na kulisha bila kizuizi, ilipwe fidia, na ipate mrabaha kutokana na shughuli za kiuchumi zilizopo. Mwaka 2017 Mahakama ya Arusha ikafuata mkondo huo kwa Waogiek, na ikasema jambo lililokuwa likihitaji kusemwa kwa sauti: kuharibika kwa Mau hakukusababishwa na wao. Huko Uganda nako, Mahakama ya Katiba iliamua mwezi Agosti 2021 kwamba Batwa walitolewa bila fidia ya haki.

Udhaifu wake ni utekelezaji. Jopokazi la kusimamia uamuzi wa Waendorois liliundwa Septemba 2014, zaidi ya miaka minne baada ya uamuzi. Kwa Waogiek hali ilikuwa chungu zaidi. Novemba 2023, mwaka mmoja na ushee baada ya amri ya fidia, nyumba zao ziliangushwa huko Sasimwani, kaunti ya Narok. Mahakama za kikanda hazina askari wala hazina. Zinategemea nia ya serikali ileile iliyoshindwa kesi.

Upo pia udhaifu wa ndani ya fidia yenyewe. Fidia ni malipo ya mara moja. Ikigawanywa kwa kichwa huliwa na ada na deni la dukani kabla ya msimu kwisha, na hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa mwenye njaa hula kwanza. Mahakama ilipoamuru mfuko wa pamoja ilikuwa inalikwepa hilo. Mfano wa mbali unasaidia hapa: Wamaori wa Ngāi Tahu, New Zealand, walikubali dola milioni 170 za nchi hiyo mwaka 1998, sehemu ndogo sana ya thamani ya walichopoteza, lakini waliziweka katika chombo chao wenyewe na kuziwekeza, na leo mali ya chombo hicho inazidi dola bilioni moja. Walipata pia msamaha rasmi na haki ya kwanza ya kununua ardhi ya serikali katika eneo lao. Bila hayo mawili, fedha peke yake isingefika mbali.

Asilimia za mapato

Njia ya pili imeenea zaidi katika sheria zetu, nayo ni mgawo. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Sheria ya Petroli ya 2019 inatenga asilimia 5 kwa jamii ya eneo. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka miradi ya hewa ukaa inayotumia ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii baada ya gharama. Uganda hutenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za taifa kwa ajili ya wanaozizunguka. Kwenye ngazi ya taifa, Katiba ya Kenya inatenga nusu asilimia ya mapato katika Mfuko wa Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma.

Faida ya mgawo ni kwamba unajirudia kila mwaka na hauhitaji kesi. Pia unamfunga mwekezaji mapema, kabla hajachimba wala kupanda kitu. Hata hivyo neno "jamii" katika sheria hizi lina shimo ndani yake. Jamii hapo ni watu wa mahali, na katika mahali pengi jamii ya asili ni wachache kati ya wengi. Bwindi inaonyesha vizuri. Mgawo wa Uganda hupitia serikali za mitaa, na Batwa, ambao hawakubakiwa na ardhi na wana viti vichache au hawana kabisa katika vikao vya kuamua, husimama nyuma ya foleni kwa ajili ya fedha zinazotokana na msitu waliotolewa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kuna tatizo jingine ambalo wachumi hulitaja kidogo. Asilimia haikuulizi kama unautaka mradi. Inakuuliza tu kama fungu lako limefika. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii kaskazini mwa Kenya zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mojawapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa hewa ukaa wa nyanda za malisho. Fedha zilikuwapo. Kilichokosekana ni idhini, na idhini ndiyo ingepaswa kutangulia. Mfugaji anayeambiwa abadilishe njia zake za malisho ili kampuni ya ng'ambo ifidie moshi wake anapaswa kuwa na uwezo wa kusema hapana, na hapana hiyo isimgharimu shule ya mtoto wake.

Ardhi yenyewe

Njia ya tatu ni kurudisha ardhi. Hapa ndipo penye uzito zaidi, na ndipo palipo na funzo la mafanikio na la maumivu kwa pamoja.

Tanzania haikubali jina la watu wa asili, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ina mlango ambao hauhitaji jina hilo: hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa kikundi. Oktoba 2011 Wahadzabe wa Yaeda, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipata hati ya namna hiyo kwa zaidi ya hekta 20,000. Miaka minne tu kabla ya hapo, kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilikuwa imepewa bonde hilo, ikajiondoa mwaka 2007 baada ya upinzani mkubwa. Edward Loure, aliyeongoza kazi ya hati za pamoja kaskazini mwa Tanzania, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016.

Angalia kilichofuata baada ya hati. Mradi wa hewa ukaa wa Yaeda, unaosimamiwa na kampuni ya Carbon Tanzania chini ya cheti cha Plan Vivo, uliwakuta Wahadzabe tayari wana mipaka na mpango wa matumizi ya ardhi. Sehemu ya mapato hulipwa jamii, na imetumika kuwalipa walinzi wa msitu wanaotoka miongoni mwao, kugharimia matibabu na kusomesha watoto. Mapungufu yapo: bei ya kaboni hupanda na kushuka katika masoko wasiyoyaona, na jamii ya watu elfu moja na kidogo haina wahasibu wengi. Lakini wanaingia mezani wakiwa na kitu. Mfuatano ulikuwa ardhi, kisha kauli, kisha fedha. Ukilinganisha na Isiolo, tofauti ya matokeo haihitaji maelezo marefu.

Sasa upande wa maumivu. Mwaka 1968 Kenya ilitunga sheria ya ranchi za vikundi, iliyowapa wafugaji, Wamaasai hasa, hati za pamoja. Kwa maandishi ilikuwa ndiyo suluhisho lenyewe. Wawakilishi kati ya watatu na kumi walisajiliwa kwa niaba ya kikundi, na orodha za wanachama zilijaa majina ya wanaume wakuu wa familia. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi zilianza kukatwa vipande vya mtu mmoja mmoja. Waliokaa kwenye kamati na jamaa zao walipata vipande vikubwa na vyenye maji, na wengine waliokuja kutajwa kama wanachama hawakuwa wa kikundi kabisa. Wajane na vijana walibaki mikono mitupu. Kandokando ya Maasai Mara, kampuni za utalii zilipoanza kulipa kodi ya ardhi kwa ajili ya hifadhi binafsi, fedha zilimfikia mwenye jina kwenye hati. Dada yake aliyechunga ng'ombe kwenye nyika hiyohiyo hakuhesabiwa.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilikuja kuponya kidonda hicho. Inaitambua jamii yote kama mmiliki, inaukabidhi mkutano mkuu wa wanajamii mamlaka, na inadai theluthi mbili ya kura kabla ardhi haijatolewa. Inakataza ubaguzi wa kijinsia. Ni sheria nzuri yenye mwendo wa kinyonga, kwa kuwa usajili unahitaji ramani, orodha na maafisa, na jamii zisizo na fedha husubiri. Ni katika hatua hii hasa fedha za umma zingefanya kazi kubwa kwa gharama ndogo: kumlipa mpimaji kabla ya kulipa semina.

Misaada ya wafadhili

Njia ya nne haihitaji maneno mengi. Katika mkutano wa tabianchi wa Glasgow wa 2021, serikali na mifuko ya hisani viliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi za watu wa asili na jamii za wenyeji. Taarifa yao wenyewe ya mwaka uliofuata ilionyesha kwamba ni asilimia 7 tu ya fedha zilizotolewa zilizokwenda moja kwa moja kwa mashirika ya jamii hizo. Zilizobaki zilipitia mashirika ya kimataifa, washauri na serikali. Wafadhili hujitetea kwamba vikundi vidogo haviwezi kutimiza masharti ya ukaguzi. Ni kweli, na masharti hayo wameyaandika wao. Msaada umewasaidia watu hawa kufika mahakamani, hilo lisipuuzwe, lakini ajenda ya mwaka wa fedha wa Ulaya haiwezi kuwa mhimili wa jamii kujiamulia.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni ya uhifadhi. Mau ni chanzo cha mito ya Mara, Sondu, Njoro, Molo na Ewaso Nyiro ya Kusini. Maji yake hufika Ziwa Victoria, Nakuru, Baringo na Natron, na Mto Mara hunywesha nyumbu wa Serengeti. Nani atakubali msitu kama huo uwe mali ya kikundi? Wasiwasi huu ni wa kweli, ila unamwelekea mtu asiye mhusika. Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilimega zaidi ya hekta 60,000 kutoka Mau, sehemu yake kwa jina la kuwapa makazi Waogiek, na sehemu kubwa ikaishia kwa wengine wenye uhusiano na wakubwa. Msitu ulifyekwa kwa kalamu. Anayeishi kwa asali ana sababu ya kuulinda mti ambayo mwenye hati ya kupanda ngano hana. Hata hivyo kizazi cha leo cha Waogiek kinalima na kufuga pia, na kudai ardhi kwa hoja ya asali kunawabebesha wajibu wa kuandika kanuni za matumizi na kuzisimamia hadharani. Hilo wengine kati yao wamelikubali, na linafaa kuwa sharti.

Hoja ya pili ni ya usawa: maskini wa Kibera au wa Tandale naye ni maskini, kwa nini asitangulie? Jibu linategemea unachokiita malipo haya. Yakiwa sadaka, foleni ya maskini ni moja na hakuna wa kuruka. Yakiwa deni, maskini mwingine hawezi kulifuta, kama ambavyo mtu aliyemnyang'anya jirani yake ng'ombe hawezi kukataa kumrudisha kwa sababu ana watoto wengi wa kulisha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ndiyo maana nadhani ni kosa kuziweka fidia za jamii hizi katika bajeti ya ustawi wa jamii, ambako zitashindanishwa na pembejeo na basari. Mahali pake ni kwenye madeni ya dola.

Hoja ya tatu, ya wakubwa wa ndani kumeza mali ya wote, ndiyo nzito kuliko zote, na watetezi wa jamii hizi huikimbia mno. Historia ya ranchi za vikundi inaiunga mkono. Lakini angalia inavyotumika: serikali hutaja ulaji wa viongozi wa jamii ili kuendelea kuzishika fedha yenyewe, huku mifuko ya kaunti na ya taifa ikiwa na mashimo yake. Dawa ya ulaji huo ni mwanga: daftari la wanachama lenye majina ya wanawake na vijana, mkutano mkuu unaosomewa hesabu kwa lugha ya jamii, na haki ya mwanajamii mmoja kwenda mahakamani dhidi ya kamati yake. Gharama ya hayo ni ndogo, na lazima iwe ya kwanza kulipwa.

Mizani

Nikiziweka njia hizi nne juu ya mizani, sioni hata moja inayotosha, na sioni sababu ya kuzitendea kama sawa. Mgawo wa mapato ni mzuri pale tu jamii inapoingia kama mmiliki. Ikiingia kama jirani, inapewa makombo kwa idhini ya wengine. Misaada inafaa kulipia hatua za mwanzo, yaani ramani, mawakili na usajili, kisha ipungue. Fidia ina thamani kubwa kama ungamo la kosa na kama mtaji, na ina thamani ndogo kama mkupuo wa kugawanya. Ardhi kwa hati ya pamoja, yenye daftari la kweli la wanachama, inayabeba hayo mengine yote, na ndiyo inayocheleweshwa kuliko kitu kingine. Kutoa shilingi milioni 157 hakuigharimu dola nguvu yake. Kutoa hati kunaigharimu, kwa sababu siku hiyo itabidi ibishe hodi kabla ya kuingia.

Kwa Waogiek, miaka miwili iliyopewa serikali kukamilisha upimaji ilikwisha Juni 2024 bila hati. Kazi hiyo haianzi kwenye karatasi tupu. Mipaka ya konoito ilifuata mito na migongo ya vilima, na wapo wazee wanaoweza kutembea nayo kwa miguu na kuonyesha ukoo gani uliishia wapi. Mpimaji wa kwanza kutumwa Mau atembee nao, maana wanaoijua mipaka hiyo yote wanazidi kuwa wachache kila mwaka.